Koo la Kuazima

Mwantumu Mloka aliingia karakanani kwangu Jumanne asubuhi bila kubisha hodi. Miaka mitatu hakuwa ameukanyaga mtaa huu. Alivuta kiti, akakaa, akafungua mtandio shingoni.

"Weka mkono hapa, Kaka Chande."

"Salamu kwanza."

"Weka mkono."

Nikaweka vidole kwenye koo lake. Alikuwa amefunga mdomo, hasemi kitu. Lakini chini ya vidole vyangu koo lilikuwa linafanya kazi. Lilipanda, likashuka, likatetemeka, likatulia kidogo, likaanza tena. Lilikuwa koo la mtu anayeongea. Nikatoa mkono kama nimegusa pasi ya moto.

"Nilikuwa nasema nini?" akaniuliza.

"Nitajuaje?"

"Mimi najua. 'Mwambie Idrisa aje na baba yake, sitaki maneno na wajomba.' Halafu nikaagiza chai. Isitiwe tangawizi, tumbo linanisumbua."

Nilikaa chini. Idrisa ni kijana aliyemposa Rukia, binti pekee wa Mzee Kibwana Dihenga. Posa yenyewe ilikuwa na wiki mbili, haijatangazwa. Na Mzee Kibwana alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale tulipokaa, kibarazani kwake, bila shaka anasubiri chai.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Kupitia hapa." Akagonga koo kwa kidole. "Miaka miwili sasa, kila anachosema Mzee nakisema mimi kwanza. Nikinyamaza nahisi kama namezameza mate. Nikiimba tunagongana. Sasa nimejua, na nimekuja uufunge huo uzi. Leo."

Inabidi nieleze uzi, maana vijana wa sasa hawaujui. Ni waya mwembamba kuliko unywele. Unaingizwa shingoni kwa sindano, unajilaza kando ya mishipa inayotoka kwenye ubongo kwenda kooni. Hausikii sauti. Unasikia amri: kaza, legeza, panda, shuka. Waimbaji wanne wa bendi yetu, Safu Nne, walikuwa nao kila mmoja, na nyuzi zote zilikutana ndani ya sanduku nililolitunza mimi, ukubwa wa betri ya gari. Tulimwita Mama. Mama alichukua amri za koo moja akazipeleka kwenye makoo mengine, popote yalipo, kwa mtandao. Ndiyo maana Safu Nne walipopiga kiitikio ulidhani ni mtu mmoja mwenye vifua vinne. Bendi za Dar zilijaribu kutuiga zikashindwa. Nyuzi ziliagizwa mara moja tu, kiwanda kikafa, na hakuna aliyezitengeneza tena.

Uzi hauna swichi. Unafungwa mara moja kwa ufunguo wangu ninaouzungusha kwenye Mama, hata mwimbaji akiwa mbali, unaungua ndani kwa ndani, na habari yake imekwisha. Na sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Mwimbaji akihama, uzi wake haufungwi mpaka akabidhi nyimbo. Anasimama mbele ya bendi nzima, anaimba sehemu zake zote kwa mara ya mwisho, na kila akimaliza mmoja anamtazama atakayeurithi, anamwambia, "Shika." Akishakabidhi wa mwisho, ndipo mimi nafunga.

Mwantumu hakukabidhi. Alikuwa ametuchoka. Miaka tisa aliimba pembeni ya Mzee, kiongozi wetu, na miwili ya mwisho alikuwa akituletea mambo yake: wimbo juu ya mlio wa mashine ya kusaga, wimbo wenye neno moja tu, wimbo ambao katikati yake mnanyamaza dakika nzima. Mzee alimwambia aende akamwimbie mtoa pepo. Alhamisi moja tulimsubiri mazoezini mpaka tukachoka, tukakuta sare yake imekunjwa juu ya spika. Nikasema atarudi, atakabidhi. Mzee akasema hafungiwi mtu ambaye hajakabidhi. Uzi ukabaki wazi.

Mwaka uliofuata kiharusi kikampiga Mzee. Kilimwachia miguu, mikono na akili, kikachukua koo. Bendi ikafa, wale wengine wawili wakakabidhiana nyimbo, nikawafungia nyuzi zao. Mimi nikamtengenezea Mzee kola ya kuvaa shingoni. Inasoma amri kutoka kwenye uzi wake, inampelekea Mama, Mama anarudisha maneno kwenye spika ndogo ya kola, kwa sauti ya Mzee ile ile. Watu walilia siku aliyosema salamu alaikum. Waandishi wa habari walikuja. Nikajisifu mbele yao kwamba Mama anaunda maneno kutoka kwenye rekodi zetu za zamani.

Niliamini hivyo. Nimeishia darasa la saba, lakini nilipaswa kujua, maana lile sanduku nimelifungua mara mia. Mama haundi maneno, rekodi zinampa rangi ya sauti tu. Anachukua amri, anatafuta koo la kuitekeleza, hiyo ndiyo kazi pekee aliyofundishwa. Koo la Mzee lilikuwa limekufa. Akatafuta lingine, akakuta uzi mmoja uko wazi usiku na mchana.

"Sasa ule mtindo wako," nilimwambia Mwantumu. "Ule wa kukatakata."

Akacheka bila furaha. Redio zilikuwa zikimwita mwanamke anayeimba kama kioo kinavunjika. Alianza na kumbi za watu hamsini, zikafuata za mia tano, kisha albamu mbili, kisha safari za nje. Anaanza mstari, sauti inakatika, inameza kitu, inarudi mahali ambapo hukuitegemea. Chuo kimoja Dodoma kilikuwa kinawafundisha vijana kufanya hivyo.

"Ni Mzee anaagiza chai," akasema.

"Na ule wimbo wa pili, pale inapokatika mara saba?"

"Anagombana na fundi bomba."

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikaacha. Akatoa picha ya hospitali mkobani. Sikuielewa, akanieleza. Daktari alimwambia koo hili halijapumzika hata saa moja kwa miaka miwili. Alimuuliza ana kazi gani nyingine, anapiga mnada? Alimpa miezi minne ya kuimba, labda mwaka mmoja wa kuongea.

"Baada ya hapo tutakuwa mabubu wawili, mimi na yeye. Wewe utabaki na sanduku lako. Lete ufunguo."

Ufunguo nilikuwa nao shingoni, chini ya shati. Niliushika.

"Watu wataupenda wimbo wako bila huo mtindo?"

"Sijui. Hata nikiwa mbovu, niwe mbovu mwenyewe."

"Ukifungwa, hataongea tena. Milele."

"Najua, Kaka."

"Basi twende ukamwambie. Siwezi kumziba mtu mdomo akiwa katikati ya chai."

*

Mzee Kibwana alituona tangu getini. Alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, kanzu safi, kola nyeusi shingoni.

"Karibu, mtoro," kola ikasema.

Nilimtazama Mwantumu. Midomo yake ilikuwa imecheza, kidogo sana. Ukiwa hujui usingeona.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kukabidhi? Hakuna wa kumkabidhi. Umechelewa na bendi imezikwa."

"Nimekuja kwa jambo lingine."

"Kaa basi. Rukia! Ongeza vikombe, kuna nyota hapa nje."

Mwantumu hakukaa. "Mzee, sema lolote. Hesabu moja mpaka kumi."

"Mimi mtoto wa chekechea?"

"Hesabu tu."

Mzee akanitazama, akaona sicheki, akaanza. Moja, mbili, tatu, sauti imenyooka. Alipofika nne Mwantumu naye akaanza kusema, kwa sauti, majina ya siku za wiki. Kola ikakwama. Ikatoa "ta... ta... s..." ikakoroma kama redio iliyopoteza stesheni. Mwantumu akanyamaza. Kola ikasema, "...nane, tisa." Mzee akasimamisha mkono hewani.

Nikamweleza yote. Sikupamba. Nilimwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyeacha uzi wazi na mimi ndiye niliyeunganisha kola bila kujua inakula wapi. Rukia alikuja na sinia, akasimama nalo mlangoni, hakuliweka chini mpaka nilipomaliza.

Mzee akamgeukia Mwantumu.

"Unasikia yote?"

"Yote," Mwantumu akasema.

"Na sala zangu?"

Mwantumu akatazama sakafu. "Saa hizo huwa naimba kwa nguvu, nisisikie."

"Kumbe wewe ndiye unayenikatia Alhamdu." Akafikiri. "Na yale niliyosema juu yako? Mwaka jana, na huyu Chande?"

"Kwamba mimi ni debe tupu lililodondoka ngazini? Nilikuwa jukwaani Arusha. Lilitoka lote katikati ya wimbo. Watu walisimama wakapiga makofi."

Mzee akacheka, mabega yanatikisika, na kola haikutoa kitu kwa sababu kicheko Mama hakijui. Kisha uso wake ukabadilika.

"Nilikupa nafasi kwenye bendi yangu miaka tisa. Ulikuwa huna hata viatu vya jukwaani. Leo umeshindwa kuniazima koo?"

"Hukuniomba."

"Ningekuomba vipi na mimi sikujua!"

"Sasa umejua. Omba."

Pale nilitamani ardhi inimeze. Mzee Kibwana sijawahi kumsikia akiomba kitu kwa mtu, si kwa mapromota, si kwa daktari. Aligeukia upande wa barabara. Mkono wake ulikuwa unasugua goti. Mwantumu alisimama pale pale, anasubiri, na mimi niliona kwamba angeombwa angekubali. Angekubali hata ule mwaka mmoja uishe. Nadhani Mzee naye aliona.

"Jumamosi," kola ikasema, "baada ya alasiri namuoza Rukia. Nataka niseme mwenyewe. Nina binti mmoja. Nikishasema, Chande afunge."

"Baba," Rukia akasema, "Shehe anaweza kuoza kwa niaba yako. Watu wanafanya hivyo kila siku."

"Nyamaza, Rukia."

"Jumamosi saa kumi niko jukwaani Dodoma," Mwantumu akasema. "Watu elfu sita."

"Mpaka saa kumi tutakuwa tumekwisha. Maneno yenyewe ni pumzi moja."

"Maneno hayo tu?"

"Hayo tu."

Mwantumu akafunga mtandio wake. Hakunywa chai. Getini alinigeukia mimi, si Mzee.

"Saa kumi kamili naanza, Kaka Chande. Uwe umefunga, uwe hujafunga, naanza."

*

Jumamosi nilikaa chini ya turubai uani kwa Mzee, Mama ndani ya begi miguuni, ufunguo umeshaingia kwenye tundu lake. Simu niliiegemeza kwenye begi, ikionyesha ukumbi wa Dodoma bila sauti. Alasiri ilikuwa imesaliwa. Tulikosa kitu kimoja, bwana harusi.

Matarumbeta yao yalikuwa juu ya pikapu, pikapu ikakata mkanda njiani, kule Kihonda, na shangazi zake wakagoma msafara kuingia mtaani bila matarumbeta. Saa kumi kasoro tano. Saa kumi. Kwenye simu taa zilizimika, zikawaka, Mwantumu akatokea amevaa nguo nyeupe.

Walifika saa kumi na dakika kumi. Shehe akafupisha hotuba, Mungu ambariki. Idrisa akakaa kwenye mkeka mbele ya Mzee, wakashikana mikono ya kulia, Shehe akawafunika kwa kitambaa. Uwanja ukatulia.

"Mzee, sema," Shehe akasema.

"Idri," kola ikasema. "Idri... ni... me..."

Watu wakanyanyua vichwa. Kwenye simu Mwantumu alikuwa katikati ya wimbo wa kwanza, mshipa umesimama shingoni, na watu wa mbele walikuwa wakirusha mikono juu. Walikuwa wanaupenda. Mtindo ulikuwa haujawahi kukatika vile.

"Nime... ku... b..."

Jasho lilikuwa linatiririka kwa Mzee mpaka kwenye kola. Idrisa alikuwa amefumba macho. Nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, "Hiki kidude kimekufa." Shehe akainama.

"Mzee, nipe uwakala. Nitalimaliza mimi, halina ubaya."

Mzee akatikisa kichwa. Akavuta pumzi, akajaribu tena. "Ni..." Ikakoroma.

Nikashika ufunguo. Kuufunga kungemwokoa Mwantumu na kumwaibisha Mzee mbele ya ukoo mzima. Kuuacha kungemmaliza Mwantumu koo, na Mzee angeaibika vile vile. Nikatazama simu, sijui natafuta nini.

Mwantumu akaacha kuimba.

Aliinua kiganja kwa wapigaji wake. Gitaa likanyamaza, ngoma ikapiga mara mbili peke yake, ikanyamaza. Akasogea kwenye maiki, akafumba macho, akalegeza midomo kama mtu anayeachia mzigo.

"Idrisa bin Omari," kola ikasema, imenyooka, nzito, sauti ya Mzee ya enzi zile. "Nimekuoza binti yangu Rukia kwa mahari tuliyokubaliana."

Na kwenye simu, picha ikichelewa kidogo kama kawaida yake, mdomo wa Mwantumu ulisema maneno hayo hayo mbele ya watu elfu sita. Sikuhitaji kuwasha sauti.

"Nimekubali kumuoa," Idrisa akasema haraka, kabla kitu hakijaharibika tena. Vigelegele vikapasuka ndani ya nyumba kwa wanawake.

Nikamtazama Mzee nikisubiri aniitikie kwa kichwa. Yalikuwa yale maneno tu, ya pumzi moja.

"Ndugu zangu," kola ikasema, "nina machache."

Watu wakacheka. Walimjua. Mwimbaji wa dansi humpi maiki ukategemea airudishe. Akamshukuru Shehe. Akamkumbuka marehemu mkewe, jinsi alivyomkatalia mara tatu na sababu alizotoa kila mara. Akamwambia baba yake Idrisa kwamba amemwona akicheza kwenye send-ofu na kwamba ndoa hii imefungwa licha ya hilo. Uwanja ulikuwa hoi kwa kicheko. Akaanza kutaja majina, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akiwataja mashabiki katikati ya wimbo. Sauti ilikuwa nzuri. Tangu augue haikuwahi kuwa nzuri vile, maana safari hii aliyekuwa upande wa pili alikuwa amempa koo lote.

Kwenye simu Mwantumu alikuwa bado amesimama. Mdomo wake ulikuwa ukitaja watu wa mtaa wetu. Watu wa Dodoma walicheka mwanzoni wakidhani ni sehemu ya onyesho. Dakika ya pili wakaanza kupiga miluzi. Dakika ya tatu chupa ya maji ikaruka ikaangukia karibu na miguu yake. Angeweza kuimba. Mstari mmoja tu ungemvunja Mzee vipande mbele ya wakwe. Hakuimba. Alishika koo kwa mkono mmoja, akafumbua macho, akatazama kamera.

Nikamtazama Mzee. Naye alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anataja majina huku macho yake yako kwenye begi langu, hayatoki hapo. Hakuwa amesahau. Alijua saa ngapi, alijua aliahidi nini, na alikuwa anaongeza jina, na jina lingine, kwa sababu jina la mwisho likitoka hakuna tena.

"...na Mzee Mkude wa genge la mkaa, ambaye kwenye bendi yangu aliingia bure miaka kumi na moja, na jirani yangu Bi Tausi, aliyenipikia uji nilipo..."

Nikageuza ufunguo.

Ulitoa mlio mdogo, tik, na begi likapata joto kwenye miguu yangu. Mzee hakujua mara moja. Mdomo wake uliendelea na Bi Tausi, ukamaliza uji, ukaingia kwa mtu mwingine. Akawaona watu wanaendelea kumtazama, wanasubiri. Akanyamaza. Akapeleka mkono kwenye kola, akaushusha bila kuigusa.

"Machozi ya mzazi," mtu akasema kwa upole. Wengine wakaitikia, wakamhurumia.

Kwenye simu Mwantumu aliyumba, akashika mti wa maiki. Akakaa hivyo. Kisha akafungua mdomo, akaimba, na mimi nikaongeza sauti kidogo, nikaweka sikio. Ilikuwa sauti ya kawaida, nyembamba kuliko nilivyoikumbuka, na haikukatika popote. Watu walisubiri ikatike. Wengine wakakaa. Niliona mistari ya viti ikianza kutoboka, watu wanatoka, na yeye anaendelea, mstari baada ya mstari, ameshika koo. Nikazima simu.

Shehe aliona Mzee amemaliza, akainua mikono akaanza dua. Aliwaombea maharusi heri, watoto, subira. Watu wote tukainua mikono. Mzee naye akainua yake, na macho yake hayakuniacha.

"Amina," uwanja ukaitikia, na midomo yake ikaitikia pamoja nasi. Wala hakuna aliyesikia kwamba amina moja imepungua, ila yeye na mimi.